Nani Amekuambia?

Kuna swali ambalo wengi wetu hapa kambini tumewahi kuulizwa. Unapeleka neno ofisini, kwamba bomba fulani linatoa maji machafu, au kwamba wasichana wanaogopa kupita njia ya kuni jioni. Yule uliyempelekea anaweka kalamu chini, anakuangalia, anasema: "Nani amekuambia?" Hajauliza kama ni kweli. Hajauliza lini, wala wapi. Anataka jina.

Mimi swali hilo nimewahi kulijibu vibaya, na nitaeleza huko mbele. Kwanza nataka kusimulia lilikotoka. Swali hili lina historia, na kipande kikubwa cha historia hiyo kilitokea Bujumbura, mji niliozaliwa. Liliingia kwenye sheria ya nchi, likapelekwa kortini mpaka Arusha, na jibu la korti likatoka wakati wa ajabu sana, wakati ambao karibu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulisikia.

Kwa Kirundi siri inaitwa ibanga. Zamani za wafalme kulikuwa na abanyamabanga, watu wa siri, ambao kazi yao ilikuwa kutunza makaburi ya wafalme na mambo ya ufalme yasiyosemwa mbele za watu. Kwa hiyo Mrundi hahitaji kufundishwa kwamba kutunza siri ni kazi ya heshima. Ila siri ile ilikuwa ya mfalme. Hii ninayoandika mimi ni ya mtu mdogo: mlinzi, mfanyakazi wa nyumbani, askari wa cheo cha chini, mtu aliyeona jambo na anaogopa. Anamwendea mwandishi wa habari, anamwambia, "Nitakusimulia, lakini jina langu usilitoe." Waandishi wanamwita mtu huyo chanzo. Ni neno zuri. Ukiziba chanzo cha mto, huko chini watu watakosa maji na hawatajua ni kwa nini.

Watu wa rika langu wanakumbuka redio za Bujumbura. Nyumbani kwetu Buyenzi, kartiye ya misikiti na magereji, huwezi kupita avenyu moja bila kusikia redio tatu. RPA, ambayo ilianza mwaka 2001, watu waliiita sauti ya wasio na sauti. Kulikuwa na Isanganiro, Bonesha, Renaissance. Jioni mzee mmoja fundi wa baiskeli alikuwa anatoa redio yake nje, anaiweka juu ya kiti, na kiti hicho hakuna aliyekikalia. Tulisikia mambo ya mashamba yaliyochukuliwa, pesa za serikali, watu waliopotea. Na mambo hayo yalifika hewani kwa sababu mtu fulani aliyasema kwa siri.

Mwaka 2011 tuliona bei ya kusikiliza watu wa namna hiyo. Hassan Ruvakuki alikuwa mwandishi wa Bonesha FM, na pia wa idhaa ya Kiswahili ya RFI, kwa hiyo sisi wa Buyenzi tulimjua kwa lugha yetu. Alikwenda kukutana na kundi jipya la waasi ili kupata habari zao. Tarehe 28 Novemba 2011 alikamatwa Bujumbura. Juni 2012 korti ya Cankuzo ikamhukumu kifungo cha maisha kwa ugaidi. Kwenye rufaa, Januari 2013, adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 3, na Machi mwaka huo akatoka. Somo lilikuwa wazi kwa kila mwandishi: kumsikiliza mtu kunaweza kuhesabiwa kuwa kushirikiana naye.

Miezi mitatu baada ya Ruvakuki kutoka, tarehe 4 Juni 2013, Rais Pierre Nkurunziza alitia sahihi sheria mpya ya vyombo vya habari. Ilikuwa na mambo mengi, lakini vifungu viwili ndivyo vilivyopigiwa kelele zaidi. Kifungu cha 19 kilizuia habari za aina nyingi sana, pamoja na habari za uthabiti wa faranga yetu. Kifungu cha 20 kilimlazimu mwandishi kutaja chanzo chake kama jambo linahusu mojawapo ya mambo manne: usalama wa taifa, utulivu wa umma, siri za ulinzi, na usalama wa mwili au heshima ya mtu.

Hebu tuyaangalie haya manne polepole, maana ukiyasoma haraka yanaonekana ya busara. Nani hataki usalama? Nani hataki mtu asidhurike? Lakini jiulize ni habari gani kubwa inabaki nje ya orodha hiyo. Askari akimpiga raia, hilo linahusu mwili wa mtu. Silaha zikigawiwa vijana, hilo ni usalama wa taifa. Watu wakiandamana kwa sababu ya bei ya sukari, hilo ni utulivu wa umma. Hiyo orodha ilikuwa kama wavu wa dagaa, haikuacha kitu. Habari ambazo mtu angezisema kwa siri tu, kwa sababu ni za hatari, ndizo hizo hizo ambazo siri yake iliondolewa.

Waandishi hawakukaa kimya. Chama chao, Umoja wa Waandishi wa Habari wa Burundi, kilikwenda Mahakama ya Katiba, na Januari 2014 mahakama hiyo ikafuta baadhi ya vifungu. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2013, walikuwa wamekwisha kufungua kesi nyingine nje ya nchi, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mkataba wa Jumuiya unazitaka nchi wanachama zifuate demokrasia, utawala wa sheria na uwazi. Waandishi wakasema: sheria hii inavunja ahadi ambayo nchi yetu yenyewe iliweka sahihi.

Kesi ikiwa bado inasubiri, Bujumbura ikapata kisa kilichopima jambo hili vigumu kuliko mfano wowote wa kwenye vitabu.

Tarehe 7 Septemba 2014 na usiku wa kuamkia siku iliyofuata, masista watatu kutoka Italia waliuawa kwenye nyumba yao ya utawa huko Kamenge: Olga Raschietti, Lucia Pulici na Bernadetta Boggian. Walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 70. Mji mzima ulishtuka, Wakristo kwa Waislamu. Siku chache tu baadaye polisi wakatangaza kwamba wamemkamata mhusika, mtu mmoja. Watu wengi hawakuridhika. Januari 2015 RPA ikaanza kutangaza uchunguzi wake, na ndani yake kulikuwa na sauti ya mtu aliyesema yeye mwenyewe alishiriki mauaji yale, na akawataja watu wa ngazi ya juu wa usalama. Siwezi kusema hapa kama alisema kweli. Ninalojua ni kwamba mkurugenzi wa RPA, Bob Rugurika, aliitwa, akatakiwa kumtoa mtu huyo, akakataa. Tarehe 20 Januari 2015 akawekwa ndani, kisha akapelekwa gereza la Muramvya, huko milimani. Mashtaka yalikuwa mazito, mojawapo kushiriki katika mauaji.

Hapa nataka tuwe wakweli. Upande wa serikali ulikuwa na hoja. Wanawake watatu wamekufa. Kuna mtu anasema, "Nilikuwepo." Anayejua aliko ni mkurugenzi wa redio, naye hasemi. Kama ungekuwa ndugu wa marehemu, usingetaka mtu huyo aletwe mbele ya hakimu? Ningetaka. Siku ile pale kwa fundi baiskeli watu walibishana kweli kweli. Mmoja alisema, "Huyu anaficha muuaji." Mzee akamjibu kwa swali: "Sasa mtu akimshitaki mwenye funguo za jela, mtamweka jela gani?"

Jibu la mzee lilikuwa na maana kubwa kuliko tulivyofikiri. Chanzo hakufichwa ili haki isitendeke. Alifichwa kwa sababu watu aliowataja walikuwa na uwezo juu ya mahali pale ambapo angepelekwa. Kama angetajwa asubuhi, ushahidi wake ungeweza kwisha jioni. Na kuna mwingine ambaye hatumwoni kwenye kisa hiki: yule wa pili, wa tatu, wa kumi, ambaye naye anajua jambo lake na anangoja kuona kitakachompata wa kwanza.

Dunia imeshafikiria mgongano huu. Mwaka 1996 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya William Goodwin, mwandishi kijana wa Uingereza aliyepigwa faini kwa kukataa kusema nani alimpa habari za kampuni moja. Mahakama ilisema kwamba bila ulinzi wa vyanzo, watu wataogopa kusaidia vyombo vya habari kuupa umma habari unazohitaji. Sisi Waafrika tuna maandishi yetu pia. Mwaka 2002, huko Banjul, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha tamko la kanuni za uhuru wa kujieleza. Tamko hilo halisemi kwamba chanzo hatajwi kamwe. Linaweka mizani. Jina liwe linahitajika kwa kuchunguza au kushitaki kosa kubwa, au kwa kumtetea mtu aliyeshitakiwa. Habari hiyo isiweze kupatikana kwa njia nyingine. Faida kwa umma izidi madhara. Na aamue hakimu, baada ya kusikiliza pande zote.

Linganisha na kifungu cha 20. Kifungu kile kiliuliza jambo linahusu nini, basi. Mizani ya Banjul inauliza zaidi: Umetafuta kwingine? Nani ataumia? Mkubwa anayeanza kwa kusema "nani amekuambia" mara nyingi hajatafuta kwingine hata dakika moja.

Rugurika alikaa ndani karibu mwezi. Februari 2015 korti iliamua atoke kwa dhamana ya faranga milioni 15. Siku aliyorudi kutoka Muramvya watu walijaa barabarani, umati ambao mimi nilikuwa sijauona. Nilikuwa na miaka 15, nilikimbia na wenzangu mpaka viatu vikakatika. Wakati ule nilidhani tunamshangilia mtu maarufu wa redio. Leo nafikiri wengi walikuwa wanashangilia jambo jingine: mtu ameombwa jina na hakulitoa. Kila mmoja pale alikuwa na jambo lake moyoni, akajua kwamba siku moja akilisema, kuna mtu anaweza kumtunzia.

Furaha ile haikudumu. Mwishoni mwa Aprili 2015 maandamano yakaanza kupinga muhula wa tatu wa rais. RPA ikafungwa. Tarehe 13 Mei Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza mapinduzi. Siku hiyo Rema FM, redio iliyokuwa upande wa serikali, ilivamiwa. Kisha, mapigano yakiendelea, RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zikashambuliwa, nyingine zikachomwa moto. Mapinduzi yakashindwa. Sisi tulikuwa chini ya kitanda. Asubuhi mzee fundi alizungusha kile kitufe cha redio kutoka mwanzo mpaka mwisho, akapata kelele tu za hewa tupu na kituo cha taifa.

Na tarehe 15 Mei 2015, siku hiyo hasa, majengo ya redio yakiwa bado yananuka moshi, majaji wa Arusha wakatoa hukumu. Waandishi wameshinda. Mahakama ilisema kifungu cha 20 na sehemu za kifungu cha 19 vinakwenda kinyume na demokrasia na uwajibikaji ambavyo Burundi iliviahidi kwenye mkataba. Kuhusu siri za nchi na usalama wa watu, majaji walisema zipo njia nyingine zisizobana kiasi hicho. Dawa si kumlazimisha mwandishi amtaje aliyemwamini. Wakaiagiza Burundi ichukue hatua bila kuchelewa.

Nani aliisikia hukumu hiyo Bujumbura? Kupitia redio gani? Mimi mwenyewe nilikuja kuijua miaka mingi baadaye, hapa kambini, nikisoma kwenye simu ya rafiki. Nilikaa kimya muda mrefu. Ni kama mtu aliyedai shamba lake kortini miaka miwili, akapewa hati siku mafuriko yalipolibeba.

Mtu anaweza kusema basi hukumu ile haikuwa na faida. Sheria yenyewe ya 2013 ilikuwa imekwisha kubadilishwa siku chache kabla ya hukumu, na ikabadilishwa tena 2018. Isanganiro na Rema ziliruhusiwa kurudi hewani Februari 2016. Bonesha ilingoja mpaka 2021. Waandishi wengi walikimbia, wengine tulivuka nao mipaka ile ile. Waliobaki wengine walianzisha SOS Médias Burundi mwezi huo huo wa Mei 2015, wakitoa habari kwenye mitandao bila kuandika majina yao. Angalia hapo ilivyogeuka: mwandishi aliyekuwa anamficha chanzo, sasa yeye mwenyewe ndiye anayefichwa. Na watu waliendelea kumwambia mambo.

Mimi siamini kwamba hukumu ilikuwa bure. Sheria haikuwazuia wenye mafuta na viberiti, hilo ni kweli. Lakini iliandika jambo ambalo sasa haliwezi kufutwa: kwamba katika Jumuiya hii yetu, kutoka Bujumbura mpaka Mombasa, aliyesema kwa siri si mhalifu kwa sababu ya kusema, na aliyemtunzia si mhalifu kwa kumtunzia. Miaka michache baadaye mahakama hiyo hiyo ya Arusha ilipoamua kesi ya sheria ya habari ya Tanzania, mwaka 2019, ilikuwa na kesi ya Warundi ya kuegemea. Redio zetu ziliungua, lakini kesi yetu inatumika kwa majirani.

Na sisi ambao si waandishi? Hapa nawaambia hasa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika. Siri za namna hii si za redio peke yake. Daktari anazo, wakili anazo, padri anazo. Kanuni za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kanuni ya 73, zinawalinda hata wafanyakazi wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu: mahakama hiyo, inayohukumu mauaji ya kimbari, haiwezi kuwalazimisha kutoa habari walizopata kazini. Sababu ni ile ile. Wakilazimishwa mara moja tu, mlango wa gereza linalofuata utafungwa mbele yao, na wafungwa walio ndani hawatatembelewa tena.

Mimi kijana wa kujitolea wa kambini sina kanuni ya 73. Na hapa ndipo nieleze kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mgeni katika kazi ya vijana, mvulana mmoja wa kundi letu aliniambia kwamba nafasi za mafunzo fulani ya ufundi zinauzwa. Alinitajia bei. Alisema, "Kaka, mimi usinitaje." Nilimwambia sawa. Nilipeleka neno kwa mkubwa mmoja. Hakunigombeza, alikuwa mpole kabisa. Aliuliza, "Nani amekuambia? Tunataka tumsaidie." Nami, kwa sababu ya upole ule, na kwa sababu nilitaka nionekane mtu wa kuaminika, nikalitoa jina. Sikulazimishwa. Hakukuwa na jela ya Muramvya. Kulikuwa na kiti kizuri na chupa ya maji.

Mvulana hakupigwa. Hakuna aliyemtishia. Orodha iliyofuata jina lake halikuwemo, na iliyofuata tena halikuwemo. Siwezi kuthibitisha chochote. Naye aliacha kuja kwenye kundi, na wengine wakaja lakini wakawa wanazungumzia mpira tu. Miezi mingi hakuna aliyeniambia jambo lolote la maana. Nilikuwa nimekausha chanzo, na mto mzima ukakauka nyuma yake.

Siku hizi nafanya tofauti. Kabla kijana hajaanza kusimulia, namwambia kwanza kile ambacho siwezi kutunza: kama kuna mtoto anaumizwa, au mtu anataka kujiua, nitatafuta msaada, na nitakuambia wewe kwanza kabla sijaenda. Hiyo ndiyo mizani yangu. Mengine yote ni ibanga. Siandiki majina kwenye daftari, maana daftari linaweza kuombwa. Na nikiulizwa lile swali, najibu: "Tuangalie kwanza kama ni kweli. Orodha hii hapa, tarehe hizi hapa." Mara nyingi ukweli unaonekana bila jina la mtu yeyote. Mara nyingine mkubwa anakasirika. Basi, akasirike.

Yule mvulana sasa ni mtu mzima. Tunakutana bombani asubuhi. Ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za nyumbani, na mimi namuuliza za kwake. Ananijibu, "Nzuri tu, kaka." Zaidi ya hapo hajawahi kuniambia kitu.